Vitabu Saba Vilivyokuwa Wazi

Saa saba na dakika tano mchana, Alhamisi ya mwisho ya Aprili, Fridolin alipiga simu kutoka kwenye kipimo cha juu cha mto Lumemo, kule unakotoka milimani. Kazi yake ni kusoma kipimo na kututajia namba.

"Mita tatu na sentimita tano," alisema. "Bado yanapanda. Na yamebeba miti."

Nikaandika. Kiwango cha hatari ni mita tatu.

Kutoka kwa Fridolin hadi vibanda vya kwanza vya mashambani, kule bondeni kati ya Lumemo na mto mkubwa wa Kilombero, maji huchukua dakika mia moja na sitini. Tumepima mara tisa katika misimu mitatu, na tofauti haijawahi kuzidi dakika kumi na mbili. Yangefika, basi, saa tisa na dakika arobaini na tano. Mama yangu, Levina, alikuwa katika kimoja cha vibanda hivyo akiamia mpunga, yaani kufukuza ndege kabla ya mavuno. Ana miaka sabini na moja, na nyonga yake ya kushoto ilivunjika miaka minne iliyopita. Kutoka kibandani hadi tuta la barabara anatembea kwa dakika tisini. Nimewahi kutembea naye nikiwa na saa mkononi. Ukitoa hizo tisini, unabaki na saa nane na robo. Onyo lolote ambalo lingemfikia baada ya hapo lingemkuta ameshachelewa.

Nilikuwa na dakika sabini, na kutuma meseji huchukua nusu dakika. Nilishika kipanya nikabofya mahali palipoandikwa "Tuma".

Skrini ikaganda.

Kituo chetu ni chumba kimoja nyuma ya ghala la umoja wa wakulima wa bondeni, hapa Ifakara. Tuko watatu: mkuu wetu Mzee Severini, Tamimu, na mimi Restituta. Tuna kompyuta moja inayotumia betri za sola, na hatuizimi, kwa sababu mto haulali. Ndani yake mna programu moja ya maana, tunayoiita Mto. Hupokea vipimo vya maji, huchota picha za mawingu kila baada ya robo saa, na hutuma onyo kwa simu za wakulima.

Simu hizo ndizo zenye ugumu. Mjini watu wana laini zao za kawaida. Wakihamia shambani wakati wa kuamia, laini hizo hazishiki, kwani kule unapatikana mtandao mmoja tu. Kwa hiyo kila msimu watu hununua laini nyingine ya shambani, na namba za mwaka jana huwa zimeshakufa. Asubuhi hiyo Nikodemu, mwenyekiti wa vibanda vile vya ng'ambo ya Lumemo, alinipigia akanitajia namba mpya sitini na nne, moja baada ya nyingine, huku nikizichapa moja kwa moja kwenye programu na kuweka alama ya kila kibanda kwenye ramani. Ya ishirini na tatu ilikuwa ya Yoramu, jirani wa mama. Simu ya mama ilitumbukia majini mwezi Machi. Tangu hapo anatumia ya Yoramu.

Nikodemu alisema kuna watu watatu zaidi, angeniletea namba zao jioni. Ndiyo maana sikubonyeza "Hifadhi". Kwetu orodha huhifadhiwa ikishakamilika. Sikuiandika hata kwenye karatasi. Namba zote sitini na nne zilikuwa kwenye memori ya kompyuta tu, ile memori inayofutika umeme ukikatika, na hazikuwepo mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye simu zenyewe.

"Imestaki," nilisema.

Tamimu aliacha kikombe chake cha chai. Ni mtu wa ukoo wa wenye duka la vitambaa karibu na stendi, na hawezi kukaa dakika tano bila kutania. "Dada Resti, hii mashine imeshiba ubwabwa, inataka kulala. Sogea, nifungue yangu."

"Usiguse, ngoja itulie."

Alikuwa ameshagusa. Kwenye skrini tulikuwa na alama tatu za kufungulia programu ileile, kila mtu na yake: Mto Severini, Mto Tamimu, Mto Restituta. Alibofya yake. Hakikutokea kitu. Akabofya tena. Akabofya mara ya tatu kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa.

Taa ndogo ya kompyuta iliacha kupepesa ikawaka moja kwa moja. Mshale wa kipanya ukawa unaruka badala ya kutembea.

"Saa saba na dakika kumi na moja," nilisema. Sikuwa nikimwambia mtu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti.

Nilimpigia Nikodemu. Simu yake haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Namba yake ndiyo pekee ya ng'ambo niliyokuwa nayo kwenye simu yangu, kwa sababu ndiye aliyenipigia.

Mzee Severini aliingia akifuta miwani. Ana miaka hamsini na tisa. Zamani, kabla ya daraja, alikuwa akisoma kina cha maji pale Kivukoni, na sheria za kituo chetu zimetoka huko. Tulimwamkia kwa pamoja, mazoea tu, "Shikamoo Mzee," naye akaitikia "Marahaba" kabla hajatutazama usoni. Kisha akatutazama.

"Kuna nini?"

"Lumemo imepita mita tatu, Mzee. Kompyuta haitumi."

Hakupoteza muda kulalamika. Aliinama mbele ya skrini akasoma kona ya juu, ambako tumeweka kipimo cha memori: asilimia tisini na sita. "Imejaa," alisema. "Nimewaambia kila siku. Tazameni uchafu huu." Alionyesha alama zilizotapakaa kwenye skrini: za ramani, za fomu, za barua, za michezo ya karata ya Tamimu, za programu ambazo hakuna aliyekumbuka ziliwekwa lini. "Mizigo yote hii, nani ataibeba? Tuipunguze."

Akaanza kuzifuta, moja moja.

Nilijua kwamba haitasaidia. Nilisoma mambo haya Morogoro kwa miezi tisa, na cheti ninacho. Alama ya kwenye skrini ni njia ya mkato tu: faili dogo la kilobaiti mbili, lililolala kwenye diski, linalosema programu iko wapi. Ni kama kibao cha barabarani kinachoelekeza dukani. Ukiking'oa, mteja aliyekwisha kuingia dukani hatoki. Kinachojaza memori ni programu zinazofanya kazi, ziwe zinaonekana au zimejificha.

Nilijua hayo yote, na nilisimama nyuma ya kiti chake nikanyamaza kwa dakika kumi na tatu. Yeye ndiye aliyeniajiri. Alisaidia kumzika baba yangu. Mtu kama huyo humkatizi, unasubiri amalize. Alikuwa akifuta kwa kidole kimoja, polepole, na kila alama aliyoifuta aliitaja jina, kana kwamba anaita mahudhurio. Mimi nilikuwa natazama kona ya juu. Tisini na sita. Tisini na sita. Nilijipima mapigo ya moyo kwenye shingo kwa robo dakika, nikazidisha kwa nne: mia moja thelathini na mbili.

Alama ya arobaini na saba ilikuwa Mto Restituta. Ilipotoweka, mkono wake ulisimama hewani.

"Mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Nimefuta orodha yako?"

"Hapana, Mzee. Umefuta kibao. Orodha ipo ndani. Lakini memori haijapungua hata kidogo."

Akatazama kona ya juu kwa mara ya kwanza tangu aanze. Tisini na sita.

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa saba na dakika thelathini na tano."

Alitoka mlangoni akamwita dereva wa bodaboda aliyekuwa kwenye kivuli cha ghala, akamwagiza bondeni. Hata hilo nilikuwa na hesabu yake: kilomita kumi na nne, tano za mwisho ni tope, na vibanda vimetawanyika. Nilipiga simu redio ya hapa mjini, wakakubali kutangaza. Lakini watu wanaoamia hupiga madebe kutwa nzima. Hakuna asikiaye redio.

"Tuizime, tuiwashe upya," alisema Tamimu. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha umeme. "Dakika tatu inakuwa mpya kama imetoka dukani."

Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika mkono Tamimu kabla ya siku ile. "Orodha sijaihifadhi."

"Unasemaje?"

"Ukizima, namba sitini na nne zinapotea. Zote. Hazipo kwenye diski."

Alitoa kidole taratibu, kama mtu aliyegundua amekanyaga kitu kilicho hai. "Basi tufungue programu mpya, tutume kwa orodha ya zamani."

"Ya zamani ni ya laini za mjini. Simu hizo zimezimwa, au ziko kwenye masanduku nyumbani huku wenyewe wako shambani. Utakuwa umeyaonya masanduku."

Hakutania tena baada ya hapo.

Nilikaa kwenye kiti. Kuna ukurasa kwenye kompyuta unaoonyesha programu zote zinazofanya kazi na kiasi cha memori ambacho kila moja imeshika. Nilibonyeza vitufe vya kuuita. Ulichukua dakika sita kufunguka, mstari kwa mstari. Fridolin alipiga tena: mita tatu na sentimita arobaini. Nilimshukuru na kukata.

Ukurasa ulipokamilika, jina Mto lilikuwepo mara saba.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Enzi za Kivukoni kila mtu wa zamu alikuwa na kitabu chake cha vipimo, na sheria ya Mzee Severini ilikuwa kwamba kitabu hufungwa na yule aliyekifungua, si mwingine. Ilikuwa sheria nzuri. Ilizuia watu kurekebisha namba za wenzao. Kompyuta ilipokuja tuliihamisha sheria nzima nzima. Kila mmoja wetu akajitengenezea alama yake, akaamini kwamba anafungua kitabu chake, na hakuna aliyethubutu kufunga cha mwenzake. Kumbe si vitabu vitatu. Ni programu moja inayofunguliwa upya kila ukibofya, na kila nakala inakusanya picha zake za mawingu, kila robo saa, bila kutupa za zamani. Tena ukibonyeza alama ya msalaba pembeni, haifungi. Inajificha tu karibu na saa, chini kulia, na kuendelea kula.

Niliwasomea kwa sauti. "Megabaiti elfu moja mia moja na arobaini. Hii ni kubwa kuliko zote, ni ya siku nyingi. Mzee, chako ulikifungua lini?"

"Tarehe sita."

"Siku kumi na tisa. Ni hiki. Mia sita hamsini na tano: Tamimu."

"Siku kumi na moja," alisema Tamimu. "Siku ile niliyotoka msibani."

"Halafu kuna tatu ndogo, arobaini na nne kila moja. Ni hizo ulizobofya sasa hivi. Zinabaki mbili: mia mbili na kumi na mbili, na mia mbili na saba."

"Ipi yako?"

"Zote mbili ni zangu," nilisema. Moja niliifungua asubuhi ile. Ndiyo yenye orodha. Nyingine niliifungua Jumatatu, nikabonyeza msalaba jioni nikaamini nimeifunga. Jina moja, rangi moja, tofauti ya megabaiti tano.

"Anza na hizo ndogo," alisema Mzee Severini. "Tamimu, ni zako. Zifunge mwenyewe."

Tamimu alizifunga, na kila moja ilichukua karibu dakika mbili. Asilimia tisini na tatu. Akafunga na ile kubwa yake, bila kuulizwa; vipimo vyake huwa anavihifadhi kila siku, hakuwa na cha kupoteza. Asilimia sabini na saba. Skrini ilipepesa, dirisha langu likazinduka, na kile kitufe nilichokibofya karibu saa moja kabla hatimaye kikaitika. Kikatokea kisanduku cheupe:

Memori haitoshi kutuma. Inahitajika MB 1,000. Iliyopo MB 951.

Nilibofya "Hifadhi". Kisanduku hakikuniruhusu: kilikuwa na kitufe kimoja tu, "Jaribu tena", na nyuma yake dirisha zima lilikuwa limefungwa kama kwa kufuli.

Saa nane na dakika sita.

Zilipungua megabaiti arobaini na tisa. Nakala yoyote kati ya zile zangu mbili ingetosha kabisa, na ziada. Moja ilikuwa tupu. Nyingine ilikuwa mama yangu na watu wengine sitini na kadhaa. Nikafikiri. Ile ya asubuhi nimeiwekea ramani ya vibanda, na ramani ni nzito. Ya Jumatatu haina ramani. Kwa hiyo ile nzito zaidi ndiyo yenye orodha, mia mbili na kumi na mbili. Ya kuzima ni mia mbili na saba. Hoja ilikuwa fupi na safi. Nilipeleka mshale juu ya mia mbili na saba.

"Una hakika?" aliuliza Mzee Severini.

Niliulizwa swali linalotaka jibu la kweli, na jibu la kweli lilikuwepo. "Hapana. Sijui picha za siku tatu zina uzito gani zikilinganishwa na ramani. Nakisia."

"Basi acha."

"Mzee, ni saa nane na dakika nane."

"Nimesema acha. Nipishe."

Nilijua kilichokuwa ndani ya kitabu chake. Kila alfajiri kwa siku kumi na tisa alikuwa amekwenda Kivukoni kwa baiskeli, akasoma maji kwa mti wake wa zamani wenye alama za kisu, kisha akaja kuandika tofauti kati ya mti huo na kipimo kipya cha umeme. Alikuwa anaamini kwamba kipimo kipya kinadanganya kwa sentimita kadhaa, na anastaafu Septemba. Alitaka aache jambo hilo limethibitishwa. Hakuwa amehifadhi, kwa sababu ileile ambayo mimi sikuhifadhi: mwezi haujaisha, kitabu hakijakamilika. Na kwenye ukurasa ule kuzima ni kuzima; kulifungua dirisha lake kwanza kungekula dakika tusizokuwa nazo. Hakuna "Hifadhi" kwanza.

"Namba unazo kwenye karatasi, Mzee?" aliuliza Tamimu.

"Karatasi za nini? Si mlisema tumeacha karatasi?"

Alikaa. Akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaweka mshale juu ya mstari wa juu kabisa, akaubonyeza, kompyuta ikauliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo. Alifanya hivyo kwa kidole kilekile kimoja, na kwa mwendo uleule.

Tuliisubiri. Dakika moja. Dakika mbili. Mstari haukuondoka, na nikafikiri kwamba hata hili limeshindikana. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Dakika ya nne mstari ukatoweka.

Asilimia arobaini na tisa.

"Jaribu tena", nikabofya. Meseji sitini na nne ziliondoka saa nane na dakika kumi na nne.

Majibu ya kufika yalianza kuingia papo hapo, safu ya kijani ikishuka. Hamsini na nane zilifika. Sita hazikufika. Nilishuka kwa macho hadi mstari wa ishirini na tatu, Yoramu. Haijafika.

Nilimpigia. Haipatikani. Nadhani ilikuwa ni chaji. Kule hakuna pa kuchajia siku za mvua. Wakati ule sikudhani chochote. Nakumbuka tu kwamba Tamimu ndiye aliyesema, "Ramani, dada. Angalia ramani. Nani yuko karibu naye?"

Mita mia tatu kutoka kwa mama, kibanda cha Emerensiana. Mstari wa ishirini na nne. Iliita mara mbili.

"Tumeipata meseji yenu," alisema mwanamke huyo kabla sijajitambulisha. "Tunafunga mizigo hapa."

"Mama yangu hajaipata. Levina, mwenye nyonga."

"Bibi anayechechemea? Yuko juu ya dungu lake. Si anapiga debe, namsikia hapa."

Akanyamaza, na mimi nikalisikia. Nyuma ya sauti yake, mbali, debe likipigwa taratibu: mara tatu, kimya, mara tatu. Mama alikuwa anawafukuza ndege kwenye mpunga.

"Nenda ukamtoe," nilisema. "Sasa hivi."

"Na mizigo yangu?"

"Iache."

"Haya," alisema, na simu ikakatika. Tamimu alikuwa ameshaanza kuwapigia majirani wa wale watano wengine ambao meseji haikuwafikia.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi na nane. Mita mia tatu kwenye mpunga ni dakika tano au sita, kumshusha bibi kutoka kwenye dungu, lile jukwaa la miti la kuamia, ni dakika mbili. Angeanza safari saa nane na dakika ishirini na sita. Ukiongeza tisini, anafika tutani saa tisa na dakika hamsini na sita. Maji yanafika saa tisa na arobaini na tano. Nilirudia hesabu hiyo mara nyingi, nikitafuta kosa. Dakika kumi na moja zilibaki palepale.

Bodaboda alipiga simu saa nane na nusu: tope limefika kwenye mnyororo, anageuza. Fridolin alipiga: mita tatu na sentimita tisini. Saa tisa na dakika arobaini na tano nilitazama nje. Ifakara jua lilikuwa linawaka, na mtu alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai mbele ya ghala. Simu ya Emerensiana haikupatikana saa tisa na hamsini na sita, wala saa kumi kamili, wala saa kumi na dakika kumi. Tamimu aliswali pembeni ya kabati la betri. Mzee Severini alikaa na mikono juu ya magoti akitazama mahali kitabu chake kilipokuwa.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili simu yangu iliita.

"Resti," alisema mama. "Debe langu limebaki kule."

Niliwapungia wenzangu mkono: ni yeye.

"Unanisikia? Maji yalitukuta kwenye kalavati la mwisho, yakafika mapajani. Huyu binti alinibeba mgongoni. Mimi, mtu mzima! Magunia yake mawili na baiskeli vimekwenda na maji, hataki hata niseme pole. Yoramu tumemkuta huku tutani, anauliza mbona hakuna aliyempigia." Akavuta pumzi. "Mbona mmechelewa hivyo? Kwani mlikuwa mnafanya nini huko?"

"Tulikuwa tunafunga vitabu, Mama."

"Vitabu," alisema, kwa namna ambayo aliitumia nilipokuwa darasa la nne.

Jioni nilihifadhi orodha, nikainakili kwa kalamu kurasa tatu. Zilikuwa zimebaki nakala mbili tu kwenye ukurasa ule, zote zangu, zimeongezeka uzito kidogo, tofauti yao ikiwa ileile ya mchana. Nilifunga ya Jumatatu kupitia dirisha lake, taratibu, na nikaangalia ni mstari gani unaotoweka.

Mzee Severini alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi.

"Ipi ilikuwa na orodha?"

"Mia mbili na saba."

"Na uliyotaka kuizima?"

Niligeuka kumjibu, lakini alikuwa ameshaona mkono wangu, umerudi kwenye ukingo wa meza. Hakuuliza mara ya pili. Alichukua daftari jipya kabatini, akaandika tarehe ya kesho juu ya ukurasa wa kwanza, akaliweka karibu na kibodi. Kisha akaniambia nifunge kitabu changu na mimi, ile nakala ya asubuhi, yeye akiwa anatazama.